Mtoto Aliyemtangulia Mzazi: Mji wa Detroit katika Shirikisho la Marekani

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, inaitaja serikali ya shirikisho na inayataja majimbo. Serikali za miji haizitaji. Wajumbe walikutana ndani ya mji, wakalala katika nyumba zake za wageni na kutembea katika mitaa yake muda wa miezi minne, lakini mji haukupata nafasi katika mkataba walioutia saini. Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yakaeleza kwamba madaraka ambayo shirikisho halikukabidhiwa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Hivyo basi, Mmarekani akaaye mjini ana serikali tatu juu ya kichwa chake, na ile iliyo karibu naye kuliko zote, inayomzolea taka na kumletea maji, ndiyo isiyokuwa na mahali katika sheria mama ya nchi.

Matokeo ya pengo hilo hayaonekani vizuri katika maandishi ya wanasheria. Yanaonekana katika maisha ya mji mmoja ukifuatwa tangu mwanzo wake, na hapana mji unaofaa kwa kazi hiyo kuliko Detroit. Jina lake ni la Kifaransa, nalo lina maana ya mlango mwembamba wa maji, yaani mkondo unaoliunganisha Ziwa St. Clair na Ziwa Erie. Antoine de la Mothe Cadillac alijenga ngome yake ukingoni mwa mkondo huo mwaka 1701. Jimbo la Michigan liliingia katika shirikisho mwaka 1837. Mji umelitangulia jimbo kwa miaka 136. Hata hivyo, kwa mujibu wa sheria, jimbo ndilo mzazi na mji ndio mtoto. Mtoto huyu aliyezaliwa kabla ya mzazi wake ameishi akiulizia jambo moja: ni kitu gani alichonacho ambacho ni chake mwenyewe?

Majaji wawili

Swali hilo lilipata majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yalitoka kwa majaji wa kizazi kimoja.

Mwaka 1868 mji mdogo wa Clinton, katika jimbo la Iowa, ulitaka kuizuia kampuni ya reli isipitishe njia yake katika mitaa ya mji. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuiruhusu kampuni hiyo. Jaji John Forrest Dillon wa Mahakama ya Juu ya Iowa aliona kwamba mji hauna hoja ya kusimamia. Miji, kwa rai yake, hupata uhai kutoka kwa bunge la jimbo, na aliyeiumba anaweza pia kuiangamiza. Mwaka 1872 aliitia rai hiyo katika kitabu chake juu ya sheria za miji, na kutoka hapo ikaenea nchi nzima kwa jina la Kanuni ya Dillon: mji una madaraka yale tu uliyopewa kwa maneno ya wazi, pamoja na yale yanayofuatana nayo kwa lazima, na panapokuwa na shaka, basi shaka hiyo huukata mji.

Dillon hakuyasema hayo kwa chuki ya bure. Katika zama zake miji mingi ilikopa fedha ili izisaidie kampuni za reli, na reli zilipofilisika au zisipojengwa kabisa, wananchi ndio waliobaki wakilipa deni kwa kodi zao. Aliyaona mabaraza ya miji yakinunuliwa kama samaki sokoni, na akadhani kwamba dawa ni kuwafunga mikono.

Miaka mitatu baadaye shauri lilitokea Detroit. Bunge la Michigan lilikuwa limeunda bodi ya kusimamia kazi za umma za mji huo, maji, mitaro na barabara, kisha likawateua wajumbe wa bodi lenyewe badala ya kuwaachia watu wa Detroit. Mwaka 1871 Jaji Thomas Cooley wa Mahakama ya Juu ya Michigan alikataa. Alisema kwamba kujitawala kwa mahali ni haki kamili, na jimbo haliwezi kuiondoa. Miji na vijiji vya Marekani vilikuwa vikiendesha mambo yao kabla ya katiba za majimbo kuandikwa, na katiba hizo ziliandikwa na watu waliolizoea jambo hilo kama wanavyoizoea hewa.

Wahenga wamenena kwamba mpewa hapokonyeki. Cooley aliuona mji kuwa ni mpewa. Dillon aliuona kuwa ni mwazimwaji. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ya Marekani ilichagua upande. Mji wa Allegheny ulikuwa umeunganishwa na Pittsburgh, jirani yake mkubwa, ingawa wapiga kura walio wengi wa Allegheny walikataa. Mahakama ikasema kwamba jimbo linaweza kuupanua mji, kuupunguza, kuuunganisha na mwingine au kuufuta, kwa ridhaa ya wakaazi au bila ya ridhaa yao. Allegheny ikatoweka katika ramani.

Mashamba ya viazi na mkutano wa mameya

Hata hivyo, njaa haisubiri hukumu. Mwaka 1893 uchumi wa Marekani ulianguka, na meya wa Detroit, Hazen Pingree, mtengenezaji wa viatu, akaona maelfu ya watu wake hawana kazi. Mwaka 1894 aliwaomba wenye viwanja vitupu wawaruhusu maskini kulima, na mji ukagawa vipande vya ardhi, mbegu na zana. Walipanda viazi na maharage. Wenye mali walimcheka, lakini mavuno yalipatikana, na miji mingine ikaiga.

Pingree alipambana pia na kampuni za tramu na za gesi juu ya bei, na kila alipopiga hatua aliikuta sheria ya jimbo mbele yake. Akaamua kugombea ugavana, akashinda mwaka 1896, na akataka kubaki meya huku akiwa gavana. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Michigan ilimwambia kwamba hawezi kushika vyeo viwili. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake mna ushahidi: meya hodari alikuwa amefahamu kwamba ufunguo wa nyumba yake umewekwa katika nyumba nyingine.

Majimbo yalianza kulegeza kamba. Missouri ilikuwa ya kwanza, mwaka 1875, kuuruhusu mji kujiandikia hati yake ya utawala. Michigan ilifuata kwa katiba yake ya 1908 na sheria ya 1909, na Detroit ikaandika hati yake mwaka 1918. Wakati huo viwanda vya magari vilikuwa vikiita watu kutoka pande zote. Mwaka 1900 mji ulikuwa na wakaazi 285,704. Mwaka 1920 walikuwa 993,678.

Kisha ukaja mdororo mkuu. Viwanda vilifungwa, na Meya Frank Murphy, aliyeshika wadhifa mwaka 1930, alijaribu kuwalisha wasiokuwa na kazi kwa kodi ya majengo ambayo wenye majengo wenyewe hawakuweza kuilipa. Jimbo halikuwa na msaada wa kutosha. Mwezi Juni 1932 Murphy aliwaita mameya wa miji mikubwa wakutane Detroit, nao wakafanya jambo ambalo halikuwa na mfano: waliliruka jimbo na kuigongea mlango serikali ya shirikisho. Waliomba dola bilioni 5 kwa ajili ya kazi za umma. Mwezi Julai, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya msaada yenye mikopo ya dola milioni 300, na fedha hizo zikapitia kwa majimbo. Hata hivyo, mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. Mkutano ule wa Detroit ulizaa umoja wa kudumu wa mameya wa Marekani, na chini ya Rais Franklin Roosevelt, aliyeingia madarakani mwaka 1933, miji ilijenga shule, madaraja na nyumba za umma kwa fedha kutoka Washington.

Ukuta na barabara

Mkono unaotoa ndio unaochagua. Kuanzia mwaka 1934 serikali ya shirikisho ilidhamini mikopo ya nyumba, na wakaguzi wake waliiona mitaa waliyokaa watu weusi kuwa ni hatari kwa fedha. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu karibu na mtaa wa watu weusi kaskazini mwa Detroit. Ili mradi wake upate dhamana, alijenga ukuta wa zege baina ya pande mbili, kimo chake futi 6 na urefu wake nusu maili. Katiba ambayo haiutaji mji ilikuwa imepata njia ya kuugawa mji ndani kwa ndani.

Baada ya vita, Sheria ya Makaazi ya 1949 iliahidi kulipa theluthi mbili za gharama ya kubomoa mitaa iliyochakaa. Sheria ya barabara kuu ya 1956 iliahidi zaidi: asilimia 90 ya gharama ingetoka Washington, na jimbo lingeongoza ujenzi. Meya gani angekataa? Mashariki mwa katikati ya Detroit palikuwa na Black Bottom, mtaa ulioitwa hivyo na wakulima wa kale kwa ajili ya udongo wake mweusi wenye rutuba, na kando yake Paradise Valley, makao ya biashara na muziki. Watu weusi waliohama kutoka kusini walijaa hapo, maana sehemu nyingine walifungiwa. Barabara ya Hastings ilikuwa uti wa mgongo wake: maduka, hoteli, vilabu alivyopigia gitaa John Lee Hooker, na kanisa la mchungaji C. L. Franklin, baba yake Aretha.

Katika miaka ya 1950 Black Bottom ilibomolewa. Sehemu ya ardhi ilikaa tupu kwa miaka, magugu yakiota. Hastings yenyewe ikawa njia ya magari ya Chrysler Freeway. Fedha zilitoka kwa shirikisho, mchoro wa barabara kwa jimbo, idhini kwa mji, na kila mmoja angeweza kumwonesha mwenziwe kidole. Waliofukuzwa hawakuwa na wa kumshitaki aliyekuwa peke yake.

Kilichobaki cha mitaa hiyo kinapatikana kwa washairi zaidi kuliko katika majalada. Robert Hayden, aliyezaliwa mwaka 1913 na kukulia hapo, alikuja kuwa mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1976, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo, naye aliitungia Paradise Valley tenzi za maombolezo. Dudley Randall, mkutubi na mshairi wa Detroit, alianzisha Broadside Press mwaka 1965, akachapa mashairi kwenye karatasi mojamoja ili watu wa kawaida wamudu kuyanunua. Mji uliokosa sauti katika Katiba uliipata kwingine.

Mpaka wa chaki, mpaka wa jiwe

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu 1,849,568, wengi kuliko wakati wowote kabla au baadaye. Viwanda na familia za Kizungu vikahamia vitongojini, vikifuata barabara mpya, na kodi zikahama nao. Washington ilijaribu kuziba pengo. Mwaka 1965 iliundwa wizara ya makaazi na maendeleo ya miji, na mwaka 1966 Robert Weaver akawa waziri wake na mtu mweusi wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani. Meya Jerome Cavanagh wa Detroit alisifiwa kuwa bingwa wa kupata fedha hizo.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 23 Julai, 1967, polisi walivamia klabu moja isiyo na leseni, na mji ukawaka. Meya alihitaji askari. Polisi walikuwa wa mji, walinzi wa taifa wa gavana George Romney, na askari wa miamvuli wa Rais Lyndon Johnson. Gavana na Rais walikuwa wa vyama vinavyoshindana, na Romney alitazamiwa kugombea urais. Saa zilipita wakibishana juu ya maneno gani ya kisheria gavana ayaandike katika ombi lake, na moto ukiendelea. Askari wa shirikisho waliingia mitaani usiku wa Jumatatu. Watu 43 walikufa.

Jambo lililofuata halikuwa na moshi, lakini liliuumiza mji kwa muda mrefu zaidi. Mwezi Aprili 1970 bodi ya shule ya Detroit, chombo kilichochaguliwa na wananchi mbali na baraza la mji, ilipitisha mpango wa kiasi wa kuwachanganya wanafunzi weusi na Wazungu katika baadhi ya shule za sekondari. Bunge la Michigan halikungoja. Mwaka huohuo lilipitisha sheria ya kuufuta mpango huo. Mpaka wa Detroit haukulizuia jimbo kuingia. Mpaka ulikuwa wa chaki.

Wazazi na chama cha NAACP walikwenda mahakamani. Jaji Stephen Roth aliona kwamba jimbo lenyewe lilishiriki katika ubaguzi, na kwa kuwa shule za Detroit zilikwisha kuwa na watoto weusi wengi, aliagiza mpango utakaozihusisha wilaya 53 za shule za vitongojini. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliukataa mpango huo. Vitongoji, ilisema, havikuthibitika kuwa na kosa, na kujitawala kwa shule za mahali ni desturi yenye mizizi mirefu. Jaji Thurgood Marshall alikuwa miongoni mwa waliopinga.

Hapa ndipo palipo kiini cha mambo. Wilaya za shule, kama miji, ni viumbe vya jimbo. Iwapo Dillon alisema kweli, jimbo lingeweza kuzivuka kama lilivyoivuka Allegheny. Iwapo Cooley alisema kweli, jimbo halikuwa na ruhusa ya kuufuta mpango wa Detroit. Wanasheria wataeleza kwamba bunge na mahakama havina mamlaka sawa, na maelezo hayo yana uzito wake. Lakini mtoto wa Detroit aliyeyaona yote mawili aliona kwamba mpaka wa mji wake huwa chaki anapoingia mkubwa, na huwa jiwe anapotaka kutoka yeye.

Ufunguo wa hazina

Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kuyagawia majimbo na miji sehemu ya mapato ya shirikisho bila ya masharti mengi. Aliitia saini Philadelphia, katika jengo lilelile la mwaka 1787. Kwa mara moja mji ulionekana kukaribishwa mezani. Mgao huo ulikomeshwa mwaka 1986.

Detroit ilibaki na jimbo lake. Mwaka 1999 bunge la Michigan lilipiga marufuku masharti ya miji kuwa watumishi wake waishi ndani ya mji. Polisi na wazima moto wengi wakahama. Mgao wa mapato ya jimbo nao ukapungua katika miaka ya 2000. Mji pia ulijidhuru wenyewe: mwaka 2005 na 2006 ulikopa takriban dola bilioni 1.4 kujazia mifuko ya pensheni kwa mikataba ya hatari, na meya wa wakati huo, Kwame Kilpatrick, alitiwa hatiani kwa ufisadi mwaka 2013. Hofu ya Dillon haikuwa ndoto.

Lakini dawa yake ilikuwa chungu. Mwaka 2011 Michigan ilipitisha sheria ya kuimarisha mameneja wa dharura, watu walioteuliwa na serikali ya jimbo kushika mamlaka ya meya na baraza. Mwezi Novemba 2012 wananchi wa jimbo zima waliifuta sheria hiyo kwa kura. Mwezi Disemba bunge lilipitisha nyingine iliyofanana nayo, likaitia fungu la matumizi, kwa sababu katiba ya Michigan hairuhusu sheria ya namna hiyo kupelekwa kwenye kura ya wananchi. Mwezi Machi 2013 Detroit ilipata meneja wake, na tarehe 18 Julai mji ukaomba kufilisika, ukiwa na deni lililokadiriwa kuwa dola bilioni 18, kubwa kuliko la mji wowote uliowahi kuomba kufilisika katika historia ya Marekani. Hata kufilisika kulihitaji idhini ya gavana.

Mji ulitoka mahakamani mwezi Disemba 2014. Picha za jumba lake la sanaa zilinusurika kwa michango ya wafadhili na ya jimbo. Wastaafu wa kawaida walikatwa asilimia 4.5 ya pensheni na kupoteza nyongeza ya kupanda kwa maisha. Aidha, mitambo mikubwa ya maji, iliyojengwa na Detroit na kuwanywesha jirani zake, ilikodishwa kwa miaka 40 kwa mamlaka mpya ya eneo zima, kwa dola milioni 50 kila mwaka. Mji ulipata viti viwili kati ya sita vya bodi yake. Mapatano hayo yalikubaliwa na meya na baraza, na wako wanaoyasifu. Lakini mtu aliyeikumbuka hukumu ya 1974 hakukosa kuona kwamba jirani wasiohusika na shule za Detroit walihusika na maji yake.

Mwaka 2021, baada ya maradhi ya korona kuzimaliza hazina za miji, Washington ilipeleka fedha moja kwa moja kwa miji mikubwa, na Detroit ikapata takriban dola milioni 826. Miaka 89 ilikuwa imepita tangu Murphy alipogonga mlango. Mwaka 2022 serikali ya shirikisho ilitoa dola milioni 104.6 kwa mradi wa kuiondoa njia ya magari iliyoifunika Hastings na kuirudisha kuwa barabara ya mtaa. Aliyekabidhiwa fedha hizo hakuwa mji wala watu waliofukuzwa, bali idara ya usafiri ya jimbo la Michigan, ileile ya ukoo wa waliochora barabara ya kwanza. Detroit, iliyozaliwa mwaka 1701, ilialikwa kutoa maoni.